Maisha ya Dkt. Matthew Lukwiya, Mganga wa Lacor Aliyeikabili Ebola

Na Mwandishi Wetu

Asubuhi ya Jumamosi, Oktoba 7, 2000, Dkt. Matthew Lukwiya alipokea simu akiwa Kampala, alikokuwa katika likizo ya masomo. Aliyepiga alikuwa daktari mwenzake, Dkt. Cyprian Opira wa Hospitali ya Mtakatifu Maria Lacor, na taarifa yake ilikuwa fupi na nzito: ugonjwa usiojulikana ulikuwa unaua watu huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo wanafunzi wa uuguzi wa hospitali hiyo. Siku hiyo Dkt. Lukwiya hakuwa zamu. Alikuwa na mke na watoto watano mjini Kampala, na shahada ya uzamili ya afya ya jamii aliyokuwa hajaikamilisha katika Chuo Kikuu cha Makerere. Hata hivyo, jioni ya siku hiyohiyo alikuwa amekwisha safiri zaidi ya kilomita 300 na kufika Lacor, akiwa kando ya kitanda cha mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa akitokwa damu.

Siku 59 baadaye Dkt. Lukwiya alifariki dunia kwa ugonjwa uleule aliokwenda kuukabili.

Jina lake hutajwa mara nyingi panapozungumzwa historia ya Ebola katika Afrika Mashariki, na kwa kawaida huambatanishwa na neno shujaa. Neno hilo ni haki yake, lakini halitoshi. Maisha yake yanaeleza jambo ambalo kila mwananchi anayefika hospitali usiku akiwa na mgonjwa anapaswa kulifahamu: kwamba mtu anayempokea mlangoni naye ana hofu, ana uchovu na ana familia inayomsubiri, na kwamba utulivu anaouonesha haukuja wenyewe. Umejengwa kwa mafunzo, kwa utaratibu na kwa gharama.

Matthew Lukwiya alizaliwa mwaka 1957 huko Kitgum, katika nchi ya Waacholi. Baba yake alikuwa mchuuzi wa samaki, naye alikufa maji Matthew akiwa na umri wa miaka 12. Mama alibaki na watoto, akawalea kwa biashara ndogondogo. Katika nyumba ya namna hiyo ada ya shule si jambo dogo, na kilichomvusha kijana huyo ni akili yake. Aliongoza darasani, akapata ufadhili wa masomo hatua kwa hatua, hadi alipoingia Makerere na kuhitimu udaktari.

Mwaka 1983 alifika Lacor kufanya mafunzo kwa vitendo. Hospitali hiyo, iliyoanzishwa na wamisionari wa Komboni mwaka 1959, ilikuwa imekuzwa na mtu na mkewe, wote madaktari: Piero Corti kutoka Italia na Lucille Teasdale kutoka Kanada. Haikuchukua muda mrefu kwa wawili hao kuona kwamba kijana huyu kutoka Kitgum ndiye anayefaa kuwarithi. Kwake walikuwa walimu wa taaluma, na walikuwa pia mfano wa gharama ya taaluma hiyo. Dkt. Teasdale, aliyekuwa daktari wa upasuaji, aliambukizwa virusi vya UKIMWI akiwa katika chumba cha upasuaji, wakati wa kuwatibu majeruhi wa vita. Aliendelea kufanya kazi kwa miaka mingi baada ya kuujua ugonjwa wake, akafariki dunia mwaka 1996 na kuzikwa katika viwanja vya hospitali. Kila siku Dkt. Lukwiya alipita karibu na kaburi hilo akienda wodini. Hakuhitaji kuelezwa na mtu kwamba damu ya mgonjwa inaweza kumuua anayemtibu.

Vita vya kaskazini mwa Uganda vilimfunza mengine. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1989 waasi waliingia hospitalini wakitaka kuwachukua watumishi. Dkt. Lukwiya alikataa, akajitoa yeye mwenyewe aende badala yao. Kwa takriban wiki moja alitembezwa porini akiwa bado amevaa koti lake la udaktari, ndipo akaachiwa. Aliporudi alifungua milango ya hospitali kwa wananchi waliokuwa wakikimbia mashambulizi. Kwa miaka iliyofuata maelfu ya watu, wengi wao wanawake na watoto, waliingia katika uzio wa Lacor kila jioni ili walale salama, na asubuhi wakarudi makwao. Hospitali iligeuka kuwa ngome isiyo na silaha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikwenda Uingereza, katika Chuo cha Tiba ya Magonjwa ya Kitropiki cha Liverpool, akasomea tiba ya watoto na kufaulu kwa alama za juu kabisa. Angeweza kupata kazi katika nchi yenye amani na mshahara mzuri zaidi, lakini alirudi Gulu, akawa Mganga Mfawidhi wa Lacor. Kwa hiyo simu ya Oktoba 2000 haikumfikia mtu mgeni katika dharura. Ilimfikia mtu aliyekuwa amezoea miaka zaidi ya kumi ya majeruhi, surua, kipindupindu na milio ya risasi.

Usiku ule wa kwanza alianza kwa kusoma. Badala ya kukimbia kutoka kitanda hadi kitanda, alikaa na mtawa aliyekuwa kiongozi wa wauguzi, wakapitia faili za wagonjwa wote waliofariki kwa namna isiyo ya kawaida katika majuma yaliyotangulia. Walipata vifo 17 vyenye dalili zinazofanana. Kisha akafungua mwongozo wa kimataifa wa kuzuia maambukizi ya homa za virusi zinazosababisha kutokwa damu, akalinganisha alichokisoma na alichokiona wodini. Maelezo yalilingana. Ebola ilikuwa haijawahi kuthibitishwa nchini Uganda, na daktari mwenye tahadhari ya cheo chake angesita kulitamka jina hilo. Dkt. Lukwiya hakusubiri ngazi za kiutawala. Alimpigia simu moja kwa moja Dkt. Sam Okware, Kamishna wa Huduma za Afya ya Jamii katika Wizara ya Afya, akamweleza anachokishuku.

Sampuli za damu zilichukuliwa na kupelekwa maabara nchini Afrika Kusini. Katikati ya Oktoba majibu yalithibitisha kuwa ni Ebola, ya aina iliyogunduliwa kwa mara ya kwanza nchini Sudan mwaka 1976. Wakati huo haikuwa na chanjo wala dawa mahususi. Majibu yalipofika, wodi ya kuwatenga wagonjwa ilikuwa tayari inafanya kazi Lacor, kwa kuwa Dkt. Lukwiya alikuwa ameiandaa kwa kufuata mwongozo, akiiendesha kwa madaktari, wauguzi na wasaidizi waliojitolea kwa hiari yao. Siku hizo chache ziliokoa watu ambao hawatajulikana kwa majina, kwa sababu ni watu ambao hawakuambukizwa.

Ili kuelewa mzigo waliokuwa nao watumishi wale, ni vyema kueleza namna ugonjwa huu unavyofanya kazi. Ebola haienei kwa hewa kama surua. Huenea kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Kadiri mgonjwa anavyozidi kuumwa, ndivyo anavyozidi kuambukiza. Kwa hiyo saa ambayo anahitaji msaada kuliko saa nyingine yoyote ndiyo saa ya hatari kubwa kwa anayemhudumia. Katika dharura nyingine daktari hufundishwa kukimbia: damu ikimwagika, anaikandamiza, mgonjwa akianguka, anamdaka. Katika Ebola lazima asimame kwanza mlangoni, avae gauni, aproni, buti za mpira, kofia, barakoa, jozi mbili za glovu na kinga ya macho, huku akisikia mgonjwa akiita ndani. Dakika hizo za kuvaa ndizo ngumu kuliko zote. Moyo unamwambia mtumishi aende, na utaratibu unamwambia angoje.

Dkt. Lukwiya ndiye aliyewafundisha wenzake kungoja huko. Aliingia wodini mwenyewe kila siku, akavaa na kuvua mbele yao kwa utaratibu uleule, ili kila mmoja aone kwamba anachoagizwa ndicho mkubwa wake anachokifanya. Hofu yao hakuikemea. Aliipatia kazi: kuhesabu vifaa, kuchanganya maji ya klorini, kukaguana kabla ya kuingia, kuandika faili. Mtu mwenye hofu aliyepewa jambo la kufanya hutulia kuliko mtu mwenye hofu aliyeambiwa asiogope.

Pamoja na hayo, watumishi waliendelea kufa. Baadhi waliambukizwa kabla ugonjwa haujatambuliwa, wengine katika wodi za kawaida walikopokea wagonjwa ambao hawakudhaniwa kuwa na Ebola, na wengine katika wodi ya kutengwa yenyewe, ambako uchovu wa majuma mengi ulikuwa umeanza kula umakini. Kila aliyekufa alikuwa rafiki, mwanafunzi au jirani wa waliobaki. Walimuuguza, wakamzika bila kumgusa, kisha wakarudi kazini. Jamii nayo ilianza kuwaogopa, kwa kuwa mtu anayetoka hospitali alionekana kama anayebeba mauti.

Usiku wa Novemba 20 mmoja wa wauguzi waliokuwa wamelazwa alizidiwa. Alikuwa akikohoa damu, akiwa amechanganyikiwa na pumzi zikimpaa, akajiondoa vifaa vya oksijeni na kuanza kuyumba nje ya kitanda. Waliokuwa zamu waliogopa kumkaribia, wakamwita Mganga Mfawidhi. Dkt. Lukwiya aliamka na kuingia wodini. Alivaa gauni, aproni, barakoa, kofia na glovu. Hakuvaa kinga ya macho. Alimsaidia muuguzi huyo, akamrudisha kitandani, akamsafisha, na muda si mrefu muuguzi akafariki dunia. Waliofuatilia tukio hilo baadaye waliona kwamba huenda hapo ndipo virusi vilipompata.

Hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni nini kilichopita moyoni mwake alipokuwa akivaa. Kinachojulikana ni kwamba alikuwa katika juma la saba la kazi isiyo na mapumziko, ameamshwa usingizini, na aliyekuwa ndani hakuwa mgonjwa asiyemjua bali mmoja wa watumishi wake. Yule aliyewafundisha wengine kusimama mlangoni, usiku huo alikimbia. Hilo halipunguzi heshima yake. Linaonesha tu kwamba hata mtu mwenye nidhamu kuliko wote ana usiku mmoja ambao nidhamu yake haitoshi, na ndiyo maana usalama wa mtumishi hauwezi kuachwa juu ya mabega yake peke yake.

Siku nne baadaye, Ijumaa ya Novemba 24, wahudumu wa afya watatu walifariki katika siku moja. Uvumilivu ulikatika. Mamia ya wafanyakazi waliacha kazi zao, wakakusanyika katika ukumbi wa chuo cha uuguzi na kudai hospitali ifungwe. Dkt. Lukwiya aliwafuata huko. Alisikiliza kwanza. Kisha akawaeleza kwamba hospitali ikifungwa wagonjwa watakufa majumbani na ugonjwa utaenea zaidi, na kwamba Lacor ikifunga milango yake yeye ataondoka Gulu na hatarudi tena. Aliwakumbusha ule mwaka aliochukuliwa na waasi badala ya wengine. Mazungumzo yalichukua saa nyingi, pakawa na hasira na machozi, na mwishoni watu waliokuja kufunga hospitali wakamaliza mkutano kwa kuimba pamoja naye. Waliobaki walirudi wodini. Kwa hesabu ya siku, inaelekea kwamba alipokuwa akizungumza nao virusi vilikuwa tayari mwilini mwake, na hakuna aliyejua.

Siku chache baada ya mkutano huo alipata homa. Kwanza ilidhaniwa kuwa malaria au mafua ya kawaida, kama ilivyo desturi ya mtu kutumaini lililo jepesi. Vipimo vikathibitisha kuwa ni Ebola. Alihamishiwa katika wodi aliyoiandaa mwenyewe, akahudumiwa na watu aliowafundisha, na hakutaka sheria za wodi zilegezwe kwa ajili yake. Mkewe alisafiri kutoka Kampala. Aliruhusiwa kumwona akiwa amevaa vifaa kinga, kwa muda mfupi na bila ya kumkumbatia. Wenzake wamesimulia kwamba katika maombi yake alimsihi Mungu kuwa, kama ni lazima afe, basi awe wa mwisho. Madaktari walifanya kila lililokuwa katika uwezo wao, hata kumweka katika mashine ya kumsaidia kupumua. Alifariki dunia usiku wa kuamkia Desemba 5, 2000.

Alizikwa siku hiyohiyo. Jeneza lilishushwa na watu waliovaa vifaa kinga, na waombolezaji walisimama kwa mbali, kama yeye mwenyewe alivyokuwa amewaagiza wengine kufanya katika mazishi yaliyotangulia. Kaburi lake liko katika viwanja vya Lacor, kando ya kaburi la Dkt. Lucille Teasdale.

Mlipuko huo ulitangazwa kwisha Februari 27, 2001. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO) watu 425 waliugua na 224 kati yao wakafariki, idadi ya wagonjwa iliyokuwa kubwa kuliko milipuko yote ya Ebola iliyokuwa imerekodiwa hadi wakati huo. Watumishi 13 wa Lacor, yeye akiwa mmoja wao, walipoteza maisha. Lakini ugonjwa uliozuka katika eneo la vita, lenye kambi zilizojaa wakimbizi wa ndani, ulizuiwa ndani ya miezi michache. Wataalamu wengi wanaona kwamba sehemu kubwa ya mafanikio hayo ilitokana na siku zile za mwanzo, ambapo daktari mmoja alisoma faili usiku kucha na hakuona haya kupiga simu.

Habari hii si ya Uganda pekee. Ebola ya aina hiyohiyo ya Sudan ilipozuka tena nchini Uganda mwaka 2022, miongoni mwa wahudumu wa afya waliofariki alikuwamo daktari kijana Mtanzania aliyekuwa huko akisomea upasuaji. Machi 2023 Serikali ya Tanzania ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg, ulio jamaa wa karibu wa Ebola, katika Wilaya ya Bukoba mkoani Kagera. Mlipuko huo ulidhibitiwa na kutangazwa kwisha Juni 2, 2023, ukiwa umeua watu sita, na wahudumu wa afya nao walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Januari 2025 Marburg ilitangazwa tena mkoani humo, safari hii Wilaya ya Biharamulo, na ikadhibitiwa kufikia Machi 13 mwaka huo. Kila mara, kabla ya taarifa yoyote kutolewa kwa umma, palikuwa na mtumishi wa zahanati au kituo cha afya aliyempokea mgonjwa wa kwanza bila kujua anapokea nini.

Mtumishi huyo anahitaji zaidi ya sifa. Anahitaji vifaa kinga vilivyo karibu na mlango na si ghalani. Anahitaji zamu zenye kikomo, ili asiamshwe kufanya kazi ya hatari akiwa amechoka kupita kiasi. Anahitaji mwenzake wa kumkagua kabla hajaingia, hata kama yeye ndiye mkubwa wa kituo, kwa kuwa mkubwa ndiye ambaye mara nyingi hakuna anayethubutu kumwambia kwamba amesahau kitu. Na baada ya zamu anahitaji mtu wa kumsikiliza, kwa sababu msongo wa mawazo usiosemwa hauishi. Huhamia mikononi na kuharibu kazi ya kesho.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika magonjwa ya namna hii anayeumbuliwa si mgonjwa peke yake, bali pia muuguzi aliyemgusa bila kujua. Mwenye homa kali, kutapika, kuharisha au kutokwa damu awahi kituo cha afya na aseme ukweli wote: alikotoka, aliyemuuguza na aliyemzika. Taarifa za ugonjwa au vifo visivyo vya kawaida katika jamii zitolewe kwa viongozi wa eneo husika au kwa Wizara ya Afya kupitia namba 199 bila malipo. Ukweli wa mgonjwa ndiyo kinga ya kwanza ya mganga wake, kabla hata ya glovu.

Pale Lacor wagonjwa wanaendelea kupokelewa mchana na usiku. Wauguzi wanaotoka zamu hupita karibu na makaburi ya Dkt. Teasdale na Dkt. Lukwiya, kama yeye alivyokuwa akipita karibu na kaburi la mwalimu wake. Baadhi yao walikuwa hawajazaliwa mwaka 2000. Kabla ya kuingia katika wodi ya hatari, husimama mlangoni, huvaa, na hugeuka ili mwenzake amkague.